Begi la kamera la kupandia mlima: kwa nini ndani kulilowa ilhali kifuniko cha mvua kilikuwepo, na safari ijayo nichague lipi?

#1 MtazamaKibo (Arusha)
Habari za leo, wakuu. Naomba tusaidiane katika jambo ambalo wauzaji wa mabegi hawalielezi kwa kina. Novemba iliyopita nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame nikiwa na begi la kamera la lita 30, lile ambalo zipu yake kuu iko upande unaogusa mgongo. Ndani mlikuwa na kamera moja, lenzi fupi, lenzi ndefu na betri za akiba. Mvua ilitukuta kwenye msitu, muda mfupi baada ya kutoka getini, na kifuniko cha mvua nilikuwa nimekivalisha kabla ya tone la kwanza kudondoka. Nilipofika kambini na kufungua zipu, pedi ya chini ilikuwa imelowa kiasi cha kukamulika, na kwenye pete ya kukuzia ya lenzi ndefu matone yalikuwa yamejipanga. Mfuko wa juu, uliokuwa na kofia na daftari, ulikuwa mkavu kabisa.

Ninaamini kwamba mabegi mengi yanayouzwa kwa jina la kamera hubuniwa kwa kufikiria kamera kwanza, mgongo baadaye na mvua mwisho. Maswali yangu ni mawili. Maji yalipita wapi? Na je, ninunue begi jingine la kamera, au nichukue begi la kawaida la mlimani na kuweka ndani yake kisanduku chenye pedi?

#2 KiongoziMachame (Moshi)
Pole, mkuu. Mimi huongoza wageni mlimani, na jambo hili ninaliona kila msimu wa mvua. Kifuniko hufunika upande wa nje wa begi tu. Upande wa mgongo hubaki wazi, kwa sababu ndiko mikanda inakotokea. Mvua inayopiga kichwa na shingo huteremka kati ya koti lako na begi, na begi linalofungukia mgongoni lina zipu yake mahali hapohapo panapopita maji. Hilo ndilo jibu langu, na sioni sababu ya kutafuta jingine.

#3 Mhandisi_wa_Vitambaa
Nakubaliana nusu na #2. Zipu zilizopakwa utando huzuia manyunyu, lakini hazizuii maji yanayokaa juu yake huku yakisukumwa na uzito wa mgongo. Hata hivyo, kuna njia ya pili ambayo wengi huisahau. Kifuniko kisicho na kitundu chini hukusanya maji kwenye kitako chake, na begi hukaa ndani ya dimbwi hilo kwa saa kadhaa. Mtoa mada ameeleza kwamba chini kulilowa na juu kulikuwa kukavu, na maelezo hayo yanafanana zaidi na dimbwi kuliko na maji ya shingoni. Mshono wa kitako ndio wenye matundu mengi ya sindano, na katika mabegi mengi haujazibwa kwa utepe upande wa ndani.

#4 Bi_Mrima (Tanga)
Je, ulibeba mfuko wa maji wenye mrija ndani ya begi hilohilo? Iwapo ndiyo, usiitafute mvua.

#5 MtazamaKibo
Ahsante kwa swali, dada. Hapana, maji yangu yalikuwa kwenye chupa za chuma, nazo zilikaa kwenye mifuko ya pembeni nje ya begi.

#6 Jasho_na_Vilele (Nairobi)
Mimi nalitazama kwa namna nyingine. Kutoka geti la Machame, lililo kwenye takriban mita 1,800, hadi kambi ya kwanza, mtu hupanda zaidi ya mita 1,000 ndani ya msitu wenye unyevu mwingi, akiwa amevaa koti la mvua lisilopumua vizuri. Jasho linalotoka mgongoni kwa saa tano au sita si dogo. Mvuke wake hupenya pedi za mgongoni, hukutana na vyuma vya kamera na vioo vya lenzi vilivyo baridi zaidi, kisha hugeuka matone. Nimelishuhudia hilo Mlima Kenya, kwenye njia ya Sirimon, siku ambayo hakukunyesha hata tone.

#7 KiongoziMachame
Ndugu #6, matone juu ya lenzi naweza kuyakubali kuwa ni jasho. Pedi ya kukamulika siwezi.

#8 Jasho_na_Vilele
Pedi hizo ni sponji, ndugu. Zikinyonya kwa saa sita hukamulika.

#9 Kasese_Mlimani (Uganda)
Salaam kutoka chini ya Rwenzori. Naomba tusiyalaani mabegi yanayofungukia mgongoni bila kukumbuka kwa nini yalibuniwa. Huku kwetu, kabla hujafika kilele cha Margherita chenye mita 5,109, unapita mabwawa ya matope ya Bigo, na watu huvaa gambuti siku nzima. Ukitaka kubadilisha lenzi ni lazima ulilaze begi mahali, na mahali penyewe ni matope. Begi linalofungukia mbele hulazwa upande wa mgongo, kisha unalivaa na kujipaka tope shati zima. Linalofungukia mgongoni hulazwa kifudifudi, na mikanda hubaki safi. Kwenye majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai nadhani hoja ni ileile, ingawa wenyeji wa Arusha wanaweza kunisahihisha.

Wala zipu ya ubavuni haikunifaa. Ni nzuri mjini, mtu anapolivuta begi kwa bega moja na kutoa kamera akiwa amesimama. Mlimani mkanda wa kiunoni na wa kifuani imefungwa, na kulizungusha begi la kilo kumi ukiwa umesimama juu ya kigogo ni kujitafutia kuanguka.

#10 MpimaMgongo (Nairobi)
Wakuu, mnajadili zipu kabla ya mgongo. Naomba tuanze na hesabu ya mzigo wa siku moja wa mteja wa Kilimanjaro, kwa kuwa begi kubwa hubebwa na mpagazi. Maji lita tatu ni kilo tatu. Koti na suruali ya mvua, sweta nene, glavu na chakula cha mchana havipungui kilo mbili. Kamera ya Canon R5 pamoja na betri yake ni gramu 738, na lenzi ya milimita 100-500 ni karibu kilo moja na nusu. Ongeza lenzi fupi na betri, kisha begi lenyewe, kwa maana mabegi mengi ya kamera yenye fremu hukaribia kilo mbili yakiwa matupu. Tumeshafika kilo kumi, na stendi ya miguu mitatu bado haijatajwa.

Mzigo wa namna hiyo haupaswi kubebwa na mabega. Mkanda wa kiunoni ni lazima uwe mpana, uwe na pedi ngumu na ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ndiyo maana kipimo cha kwanza si lita bali urefu wa mgongo. Inamisha kichwa, shika ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, kisha mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Mimi mgongo wangu ni sentimita 42. Begi lililotengenezwa kwa kipimo kimoja cha watu wote huniweka mkanda kwenye mapaja, na mzigo wote hurudi mabegani. Wanawake wengi wa kundi letu la kupanda milima wana tatizo hilohilo. Kampuni ya Shimoda ina mabegi ambayo urefu wa mikanda yake hurekebishwa, pamoja na mikanda iliyokatwa kwa umbo la wanawake. Mabegi mengi ya kamera hayana hata kimoja kati ya hivyo, ilhali kwenye mabegi ya mlimani ya Osprey na Deuter kuchagua saizi au kurekebisha mgongo ni jambo la kawaida.

#11 Mhandisi_wa_Vitambaa
Nimefurahia hesabu ya #10. Kwa ajili ya kumbukumbu, niisahihishe kauli moja ya mtoa mada, kwamba mabegi ya kamera hubuniwa na watu wasiofikiria mgongo. Greg Lowe wa Colorado, aliyeleta begi lenye fremu ya ndani mwaka 1967, alikuwa mpanda milima na mpiga picha, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mabegi ya kamera ya Lowepro. Chanzo kilikuwa mlima. Biashara ndiyo iliyokwenda mjini baadaye, kwa sababu wanunuzi wengi wapo mjini.

#12 MtazamaKibo
Nashukuru kwa masahihisho. Kauli yangu naipunguza: nasema *mengi ya sasa*, si yote.

#13 Kijana_wa_Memorial (Moshi)
Sisi wenye kipato kidogo tumeshalijibu swali la pili. Nilinunua begi la mlimani la lita 45 kwenye soko la mitumba hapa Memorial, lina fremu ya alumini na mkanda mzuri wa kiunoni. Fundi akanishonea kisanduku cha ndani chenye mfuniko wa zipu. Siri iko kwenye sponji. Usikubali akutilie sponji ya godoro, kwa sababu inanyonya maji na ikibanwa inalala moja kwa moja. Tafuta mkeka wa kulalia kambini, ule mwepesi usionyonya maji, ukate vipande na umwambie avivike kitambaa laini ndani. Vigawanyio vishikwe kwa utepe wa kunasana ili uvihamishe kamera ikibadilika. Kabla ya kukiingiza kisanduku kwenye begi, ninakitia ndani ya mfuko usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa kibanio. Kifuniko cha nje nimekiacha nyumbani.

#14 Kasese_Mlimani
Na ukitaka kamera kwa haraka?

#15 Kijana_wa_Memorial
Hapo ndipo ninapochelewa, sikatai. Natoa koti, natoa chakula, nakunjua mfuko, nafungua zipu. Ndege ameshaondoka. Lakini kamera imefika juu ikiwa kavu.

#16 KiongoziMachame
Hili la haraka lina uzito kuliko tunavyolipa nafasi. Wageni wanaoweka kamera ndani kabisa ya begi hupiga picha getini, kambini na kileleni, basi. Wanaopata picha za njiani ni wale wanaoining'iniza kwenye mkanda wa bega kwa kibanio cha chuma, mfano kile cha Peak Design kilichoanza kuuzwa mwaka 2011, au wanaovaa kifuko kidogo kifuani. Galen Rowell, Mmarekani aliyesifika kwa picha za milimani, alijulikana kwa kukimbia njiani akiwa na kamera ndogo kifuani.

Nitoe angalizo moja la kazini: kwenye ukuta wa Barranco kamera isiwe kifuani wala begani. Pale mnatumia mikono yote miwili, mwili unakaribia mwamba, na nimesikia vioo vikigonga jiwe mara nyingi kuliko ninavyopenda. Chini ya ukuta, iingize ndani. Ukifika juu, itoe.

#17 Bi_Mrima
Nami niongeze la pwani, maana begi hukaa nyumbani kuliko linavyokaa mlimani. Mabegi mengi yamepakwa utando wa poliyurethani kwa ndani ili kuzuia maji. Joto na unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja huuvunja utando huo polepole. Kwanza hunata vidoleni, kisha humenyeka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua, na begi huwa halizuii tena chochote. Ndugu MtazamaKibo, begi lako lina umri gani, na lilikuwa linakaa wapi? Paka mkono kwenye kitako chake kwa ndani utuambie. Na tafadhali, usihifadhi lenzi ndani ya begi lililofungwa miezi na miezi. Kuvu huanza kwa nyuzi nyembamba pembeni mwa kioo, na gharama ya kumpelekea fundi unaijua.

#18 Jasho_na_Vilele
Bi Mrima, watu wa pwani mnazihurumia lenzi kuliko magoti! Ila hoja ya utando ni ya kweli. Kwa upande wa kuvu, vifuko vya silika ndani ya begi vinatosha, na vingezuia hata tatizo la mtoa mada.

#19 Mhandisi_wa_Vitambaa
Hapana. Silika hunyonya mvuke, na kifuko kidogo hushiba haraka. Begi lililoingia maji ya mvua halitaokolewa na vifuko vitano. Baada ya hapo vinahitaji kukaushwa kwa moto mdogo kabla ya kutumika tena, jambo ambalo halifanyiki kambini.

#20 MtazamaKibo
Bi Mrima, nimepaka mkono kama ulivyoelekeza. Kitako hakinati, lakini kwenye kona mbili utando umeanza kupasuka mistari. Begi nililinunua likiwa limeshatumika, kwa hiyo umri wake siufahamu.

#21 Bi_Mrima
Basi nimeshapata jibu langu.

#22 KiongoziMachame
Mistari miwili haitoi maji ya kukamua, dada yangu. Bado nasimama na shingo.

#23 Maskati_Baharini (Oman)
Assalaam alaykum. Huku kwetu mvua ni haba, lakini Wadi Shab mtu hulazimika kuogelea ili afike kwenye pango la maporomoko, kwa hiyo kila mpiga picha ana mfuko usiopitisha maji. Namuunga mkono #13 kwamba kinga ya kuaminika ni ile iliyo karibu na kamera, si ile ya nje. Nina ombi moja: msiweke mifuko ya rangi nyeusi kwenye gari au juu ya jiwe mchana. Rangi ya kijivu hafifu au ya mchanga huchelewa kupata moto, na hata vumbi halionekani sana.

#24 Safari_za_Anga (Dar es Salaam)
Wengine tunaanzia uwanja wa ndege, na begi linaweza kukukwamisha hapo kabla ya mvua. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu za mkononi, na begi la kamera lenye fremu linazila kilo mbili bila kitu ndani. Betri za akiba za lithiamu hazipaswi kwenda kwenye mzigo wa chini ya ndege, ni lazima uzibebe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Anayeunganisha kwenda Serengeti au Maasai Mara kwa ndege ndogo akumbuke kwamba kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa jumla, na hutakiwa mabegi laini. Kisanduku cha ndani kinachotoka, mfano vile vya kampuni ya F-stop, husaidia sana hapa, kwa sababu begi likikataliwa unakitoa kisanduku na kubaki nacho mkononi.

Naona pia #13 ametaja mifuko. Je, ile ya plastiki yenye kufungwa kwa kubana si imepigwa marufuku Tanzania?

#25 KiongoziMachame
Marufuku ya Juni 1, 2019 ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea. Ile midogo ya kubana ya vifaa vya usafi wa msafiri iliruhusiwa kwa sharti kwamba aondoke nayo. Mfuko wa nailoni unaokunjwa mdomo, kama wa #13, hauhusiki kabisa.

#26 Mwana_wa_Shambalai (Lushoto)
Wakuu, badala ya kubishana nimefanya jaribio, na matokeo ni haya. Begi langu nalo hufungukia mgongoni na lina kifuniko. Niliweka karatasi za chooni katika kila sehemu ya ndani, nikalisimamisha uani, na mdogo wangu akalimwagia maji kwa ndoo yenye matundu kwa nusu saa. Ndani kulikuwa kukavu. Kisha nikabadilisha karatasi, nikalivaa juu ya koti la mvua, nikainama kidogo kama mtu anayepanda, naye akamwaga kwa muda uleule kuanzia kichwani. Karatasi za chini zililowa na kushikamana, na za katikati zilikuwa na mstari wa unyevu uliofuata zipu ya kushoto. Kwenye kitako cha kifuniko kulikuwa na maji ya kujaza kikombe cha chai.

#27 KiongoziMachame
Mstari umefuata zipu. Shingo hiyo.

#28 Mhandisi_wa_Vitambaa
Na kikombe cha chai je? Maji ya mgongoni yaliteremka hadi kwenye kifuniko, yakakaa, yakapanda kupitia mshono. Mwana wa Shambalai, naomba urudie ukiwa umetoboa kitundu kwenye kitako cha kifuniko. Iwapo karatasi za chini zitabaki kavu, mshono ndio wenye hatia.

#29 Jasho_na_Vilele
Ulisimama bila kutembea, ndugu, kwa hiyo hukutoa jasho. Jaribio limepima mvua tu. Halijanikanusha.

#30 MpimaMgongo
Niulize jambo lililo nje ya maji: usiku wa kileleni kamera mnaiweka wapi? Mimi huivaa ndani ya koti la nje ili betri zisizimike kwa baridi.

#31 Kijana_wa_Memorial
Ndani ya koti hupata mvuke wa jasho, na ukiitoa pale Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, kioo kinaganda ukungu. Mimi huiacha kamera kwenye begi ikiwa na baridi yake, na betri tu ndizo ninazozilaza kwenye mfuko wa ndani ya shati. Nikifika napachika betri yenye joto na kupiga. Nikirudi hemani silifungui begi mpaka litulie, vinginevyo hewa ya joto itaweka umande kwenye kila kitu.

#32 MpimaMgongo
Na vidole vyako vinapachika betri gizani kwenye baridi ile bila glavu? Nitabaki na koti.

#33 MtazamaKibo
Shukrani kwa wote. Nimefikia hapa: nitachukua begi la mlimani lenye saizi ya mgongo wangu, sentimita 48, la lita 40 hivi, na kisanduku cha ndani ndani ya mfuko unaokunjwa mdomo. Kamera yenye lenzi fupi itakaa begani kwa kibanio, isipokuwa Barranco. Kinachonitatiza ni hoja ya Kasese, kwa sababu begi linalofungukia juu litanilazimisha kutoa kila kitu nikitaka lenzi ndefu. Yupo aliyeona begi la mlimani, si la kamera, lenye zipu ndefu ya mbele au ya mgongoni, ambalo mtu anaweza kulijaribu Arusha au Moshi kabla ya kulipa?

#34 Kijana_wa_Memorial
Njoo Jumamosi asubuhi, mabelo yakifunguliwa. Beba kisanduku chako na chupa tatu za maji zilizojaa, tutalipakia na utapanda nalo ngazi za hapa jirani.

#35 Kasese_Mlimani
Ukilipata lenye zipu ya mbele, nieleze kwanza utalilaza upande gani kwenye tope.